Kutu ya Lili

Kitinda alipanda lili zake kwa spana ya kufungulia magurudumu, na zikaota. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakiniona nimenuna wanadhani nilizaliwa hivyo. Mimi nililima tuta langu kwa jembe. Nikachanganya mchanga ili maji yasituame, nikachekecha udongo kwa chekeche la jikoni mpaka mume wangu akauliza kama tunapanda maua au tunaoka keki. Yeye, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ambaye mpaka leo na mvi zake kila mtu anamwita Kitinda, alirudi kazini jioni moja, akafungua buti la gari, akatoa spana, akachokoa mashimo kando ya ukuta, akatupia vitunguu vya lili humo kama anayelisha kuku, kisha akakanyaga juu kwa kiatu. Hakumwagilia hata tone. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu ukuta unaotenganisha uwanja wake na wangu unaishia kifuani, na mimi nilikuwa nimesimama upande wangu, ndoo mkononi.

"Dada, usinitazame hivyo," akasema. "Si vitajua vyenyewe pa kutokea?"

Na vikajua. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Ngoja nieleze kwa nini wanawake wawili wazima, mmoja mchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwingine mwalimu wa udereva, walikuwa wanapanda lili msimu mmoja kama waliologwa pamoja.

Mama yetu alikuwa dobi. Na si dobi wa mashine. Dobi wa beseni, wa wanga na pasi ya mkaa. Alifua mashuka ya nyumba za wageni na magauni ya maharusi, na kila mzigo uliotoka mikononi mwake ulitoka umekunjwa vizuri, na juu yake umelazwa ua moja jeupe la lili kutoka kwenye kibustani chake nyuma ya nyumba. Wateja walimjua kwa ua lile. Lakini lili ina fitina yake. Katikati ya ua kuna vijiti, na kila kijiti kina kichwa. Vichwa vile vikikomaa vinapasuka na kumwaga unga wa kahawia, na unga huo ukigusa nguo nyeupe, nguo imekwisha. Ukiufuta kwa maji unazama, ukiusugua kwa sabuni unatanua. Mama aliuita kutu. Kwa hiyo ua lilipoanza tu kufumbua mdomo, vile vichwa vilitolewa kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, kabla havijapasuka.

Kazi hiyo ilikuwa yangu. Na kwa kuwa kila siku yalikuwepo maua yaliyoniwahi, nilikwenda shule na vidole vya kahawia kama mvuta tumbaku. Ua likishasafishwa, aliitwa Kitinda. "Njoo mwanangu, lichukue ukaliweke juu ya mzigo." Wateja wakamwona Kitinda na ua mkononi, wakasema, jamani, mtoto mzuri huyu! Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nanawa.

Msidhani mimi ni mtu wa kuweka vitu moyoni. Haya, naviweka.

Sasa mwaka huu mwenye nyumba anayompangisha Mama akasema anaitaka nyumba yake. Tukamkalisha Mama sebuleni kwangu, kila mmoja wetu akamwambia chumba kipo. Changu kilikuwepo kweli: nilikuwa nimekipaka rangi mwenyewe, kijani kile cha jani changa, nikaweka kitanda na kabati. Cha Kitinda kilikuwa stoo ya matairi. Mama alitusikiliza, kichwa amekiinamisha upande kidogo, halafu akasema:

"Mimi sina masharti. Chumba ni chumba. Ila nataka mahali penye lili. Zikichanua nitakuja, nitakaa kidogo kwa huyu, kidogo kwa huyu, halafu nitasema."

Kitinda aliangua kicheko. Mimi sikucheka. Mama alipokosea ngazi akavunjika mkono, aliyelala naye hospitali ni nani? Kila Jumapili anayekwenda na kapu ni nani? Kitinda alikuwa akipita barabarani na mwanafunzi wake, anapiga honi, anapunga mkono, basi, ametimiza wajibu. Nikaapa kimoyomoyo kwamba Mama atakaa kwangu. Sikutaka lili, sikutaka sifa. Nilimtaka mama yangu awe ndani ya nyumba yangu, achague mwenyewe, mbele ya Kitinda, kwa mdomo wake.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nikaenda kwa muuza miche. Yule bwana ana kibanda nyuma ya duka letu, na vitunguu vyake vya lili huwa anavihifadhi kwenye makreti yenye maranda ya mbao.

"Unataka za kutazama au za kunusa?" akaniuliza.

"Kwani haziwi vyote viwili?"

"Kuna nyingine zinakuwa, lakini sinazo. Hizi za rangi kali hazinuki chochote. Za kunukia nilizonazo ni hizi nyeupe, na hizi," akainua moja akaitazama kwa huruma, "ni nyeupe tu."

"Nipe za kutazama," nikamwambia. "Nani ananusa ukuta?"

Mimi rangi ndiyo kazi yangu. Mteja analeta kipande cha pazia lililopauka, nakiangalia mara moja, najua kinataka tone la njano au tone la nyeusi, na ukutani huwezi kutofautisha. Pale dukani wananiita Mama Rangi. Nikachagua chungwa lililoiva, nikachagua damu ya mzee, nikachagua na njano yenye madoadoa. Nikabonyeza kitunguu kimoja kimoja, nikakataa vilivyolegea, nikakataa vyenye ukungu, nikachukua vile vizito vyenye magamba yaliyobana na mizizi minene chini.

"Mama Rangi," akasema muuza miche, "hayo si maparachichi."

Nikamwambia afunge mdomo na afungashe mzigo wangu.

Nilivipanda kwa kina cha kiganja kizima, ncha juu, nikavitenganisha visisukumane. Nikatandaza majani makavu juu ya tuta, kwa sababu lili inapenda kichwa juani na miguu kivulini. Hilo Mama alitufundisha, au tuseme alinifundisha mimi, maana Kitinda wakati huo alikuwa anabembea. Machipukizi yalipotokeza niliamka asubuhi na mapema kuokota konokono. Shina lilipoinama niliweka kijiti, nikalifunga kwa utepe wangu wa kazini, ule wa karatasi tunaobandika pembeni ya madirisha ili rangi isivuke. Utepe ule hauniishi mkononi; navaa rola lake kama bangili.

Upande wa pili wa ukuta Kitinda alikuwa amepata zile nyeupe, zilizododa. Alikwenda kwa muuza miche akiwa amechelewa kama kawaida yake, wenye macho tumeshachagua. Akafanya yale mambo yake ya spana. Wiki zikapita. Nikachungulia juu ya ukuta nikitegemea kuona magugu. Loo! Mashina yamesimama kama askari, manene, majani yanang'aa. Konokono hakuna. Kwa nini hakuna? Walikuwa wote kwangu! Kama kuna mtu anaijua kazi ya wivu, ni mimi: unaanza tumboni, unapanda kifuani, ukifika kooni hata chai haipiti.

"Mwanamke huyu hata hajui zile ni mimea," nikamwambia mume wangu.

"Basi mwache azifuge," akasema. Yeye kila kitu kwake ni mzaha.

Jumapili nilikwenda kwa Mama na kapu langu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitini na gauni lake jeupe. Mama hajawahi kuvaa rangi nyingine, dobi wa watu hawezi kuvaa kinachoficha uchafu. Nikaingia, nikasimama mbele yake.

"Nani?" akasema.

Nani! Mtoto wake wa kwanza! Nikamwambia ni mimi Mama, akasema, aa, Mkubwa, karibu mwanangu. Nikamkabidhi blauzi niliyomshoneshea, na kitambaa chake nilikuwa nimekitafuta mji mzima, rangi ya krimu yenye uzi wa samawati unaouona tu ukiipeleka dirishani. Akaipapasa kidogo kwa vidole, akasema nzuri, akaiweka pajani. Hakuipeleka dirishani. Mara honi ikalia nje, piii, piii, na Mama akainua uso, mwanga umemjaa. "Kitinda huyo!" Gari lilikuwa bado halijafika hata kwenye lango. Kitinda anamjua kwa mlio wa gari, mimi hanijui nikiwa nimemsimamia usoni. Nilirudi nyumbani nikazungumza na lili zangu, na sikuzungumza mambo mazuri.

Zikachanua. Kwangu zilitangulia, na sijawahi kuona kitu kama kile. Chungwa lilikuwa chungwa hasa. Ile damu ya mzee ilikuwa nzito mpaka wapita njia walisimama nje ya lango. Nilitoa kutu kwenye kila ua asubuhi, vidole vyangu vikawa vya kahawia kama zamani. Za Kitinda zikafuata baada ya siku chache, nyeupe tu, kama alivyosema yule bwana wa miche, na kutu yake yote inaning'inia. Nilifurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi sana. Dobi wa miaka yote ile aone lili imeachwa na kutu yake? Kitinda angekiona cha moto.

Mama alikuja Jumamosi, kwa gari la Kitinda. Kitinda akamfikisha kwenye lango langu, akasema anaandaa chai kwake, tukimaliza tuje. Nikamshika Mama mkono, akautoa taratibu, akasema anaweza. Akatembea polepole mpaka kwenye tuta. Jua lilikuwa limezipiga lili zangu sawasawa, na mimi moyo unanidunda kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mama akasimama mbele ya tuta lile. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Tuta zuri," akasema. "Zitachanua lini?"

"Mama, zimechanua."

"Aa," akasema. "Nilikuwa nakutania."

Nilihisi uso unaniwaka. Kunitania? Baada ya yale machekeche na makonokono? Nikajua ameamua zamani, amekuja kwangu kutimiza tu, asiambiwe amependelea. Nilitaka kumwambia maneno, nayo yalikuwa mengi na yamepangwa foleni. Kabla sijaanza, upepo ukageuka ukatoka upande wa Kitinda, na Mama akainua kichwa kama aliyeitwa jina.

"Hizo," akasema. "Hizo ziko wapi?"

Akaweka mkono juu ya ukuta, akaufuata ukuta mpaka langoni, akatoka, akaingia kwa Kitinda, mimi nyuma yake nimevimba kama chura. Hakuuliza njia. Harufu ile hata mimi niliisikia, nzito, tamu, ya mizigo iliyokunjwa na ya chumba cha pasi. Harufu ya mama yangu alipokuwa kijana. Akazifikia lili za Kitinda, akainama, akayakumbatia yale maua kwa mikono yote miwili, akazika uso ndani. Akakaa humo. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu, na pua yake ilikuwa ya kahawia, na kifuani, kwenye gauni jeupe, kutu imepaka mistari mipana mpaka tumboni.

Nikasema moyoni, haya sasa! Nikasubiri. Mama huyu aliwahi kumrudisha msichana wa watu kutoka ng'ambo ya barabara kwa sababu ya doa dogo kwenye kola. Nikasubiri apige kelele, amwite Kitinda atoke jikoni na birika lake, amuulize amelelewa na nani. Wapi! Akajipangusa kifua kwa kiganja, kwa raha zake, kama anayelainisha shuka, akaisambaza kutu zaidi.

Nikaona nimsaidie. "Mama, Kitinda hakuzitoa kutu hizi lili."

"Amezitoa," akasema Mama. "Si naona."

Nikamtazama. Nikaitazama ile kutu. Nikamtazama tena, machoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya muda mrefu kwa kuwa kila nilipokwenda nilikuwa na hasira zangu. Macho yake yalikuwa yamenielekea, lakini yamenipita kidogo, yametua karibu na sikio langu. Wivu wote ukanishuka mwilini. Nani. Blauzi. Honi. Ngazi. Mimi, ninayeona tone la nyeusi ndani ya kopo la nyeupe, sikuwa nimeona.

Nikachana kipande cha utepe kwenye bangili yangu, krrr, na Mama akaganda. Mlio ule aliujua. Kutu ya lili haitolewi kwa maji wala kwa kitambaa. Inanyanyuliwa kwa kitu cha kunata, ikiwa kavu, na yeye ndiye aliyenifundisha.

"Wapi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kifuani. Na puani."

"Kubwa?"

"Kubwa, Mama."

Nikabandika, nikabandua. Nikachana kipande kingine. Alisimama wima kama mtoto anayevalishwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ilianza pembeni, nikadhani ni miwani. Nimekwenda kwa daktari. Kilichokwenda hakirudi, amesema. Kilichobaki ni cha kulinda kwa dawa ya matone. Najitilia mwenyewe. Naona mlango, naona kivuli cha mtu. Sura sioni. Sasa usilie, utaongeza maji kwenye kutu."

Nilikuwa nalia kweli, na nilicheka humo humo, kwa sababu ndiyo Mama huyo. Nikamfuta pua kwa utepe. Nikamwambia basi hakuna mjadala, leo hii anahamia kwangu, nitaondoa kabati, nitafunga vyuma vya kushikia bafuni, nitaacha kazi nusu siku. Nilisema haraka haraka, na humo ndani, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha. Nimeshinda. Kitinda hana habari, mimi ninayo.

"Nitakaa hapa," akasema Mama.

"Hapa wapi?"

"Kwa Kitinda."

"Mama, Kitinda haoni kitu! Anaona baiskeli mwisho wa barabara, lakini mtu aliye mbele yake hamwoni!"

"Ndiyo," akasema Mama. "Ndicho ninachotaka."

Akanishika mkono, ule ambao alikuwa ameukataa langoni.

"Nikikaa kwako, Mkubwa, kesho utanikatia nyama. Keshokutwa utanisindikiza chooni. Wewe unaona kila kitu, na mtu anayeonwa kila kitu anaumwa mapema. Kitinda hata nikivaa gauni nje ndani atasema, Mama umependeza. Nataka nikae bado nikiwa mama, hata kama ni kidogo. Siku yenyewe ikifika nitakuja kwako. Sina pengine pa kwenda, najua."

"Kwa hiyo mimi ni wa siku ya ugonjwa," nikasema.

Akaubana mkono wangu. "Ninakuomba usimwambie," akasema.

Niliumia. Sitalipamba neno hili. Nilitaka kumpiga busu na nilitaka kumtikisa, yote kwa wakati mmoja. Toka utoto Kitinda anapewa ua, mimi napewa kutu, na leo Mama ameisema kwa mdomo wake, kwa upole, na kwa sababu ambayo siwezi hata kuigombania.

Kitinda akatoka na sinia la chai, akaliweka mezani barazani, anaongea njia nzima juu ya mwanafunzi wake aliyegonga nguzo. Tukakaa. Mama akamwambia, "Mwanangu, nitakaa kwako." Kitinda akapiga vigelegele, akamrukia Mama shingoni, akazunguka meza, akanirukia na mimi.

"Dada, usinune! Nilikwambia vitajua vyenyewe pa kutokea!"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Neno moja tu. Kitinda ni mwoga wa magonjwa. Mtu akipiga chafya anafungua madirisha. Ningesema "Mama haoni", jioni ile ile angenibebea masanduku ya Mama mpaka kitandani kwangu, na asante juu. Mama alijua. Alikuwa amekaa ametulia, na mkono wake ulikuwa unatambaa juu ya meza polepole kutafuta kikombe, vidole vikigusa kitambaa, vikirudi, vikigusa sinia. Kitinda alikuwa anaongea.

Nikasukuma kikombe, kishikio chake kikakutana na vidole vya Mama.

"Hongera," nikamwambia Kitinda.

Mama ana mwezi sasa kule ng'ambo ya ukuta. Matairi yako barazani. Anatembea kwa kufuata kuta, na Kitinda anawaambia watu kwamba Mama anapenda sana kukagua nyumba. Na kila asubuhi, kabla Mama hajatoka kuzinusa lili, na yeye hutoka kila asubuhi na gauni jeupe na kuzika uso humo, mimi napita langoni kwao na kutoa kutu kwenye kila ua lililofunguka. Za Kitinda hazikatiki. Hii imesinyaa, ile imefumbua. Zangu mimi zimeshapukutika, na vitunguu vimo ardhini. Naacha majani yakauke yenyewe ili vishibe kwa msimu ujao.

Juzi nilichelewa. Kitinda alitoka na funguo za gari akanikuta nimeinama, vidole vya kahawia, vichwa vya lili vimetapakaa miguuni. Mama alikuwa tayari barazani, kwenye kiti chake.

"Dada!" Kitinda akapaza sauti. "Kumbe ni wewe! Nilikuwa najiuliza nani anaziharibu lili zangu!"

"Nazitoa kutu."

"Nani kakutuma? Zako zimekwisha, sasa zangu nazo hutaki ziwe na kitu ndani? Huu wivu, dada! Mama kaja kwangu, mezea basi! Mama, unamwona dada?"

Nikamtazama Mama. Alikuwa ametuelekea, ameweka mikono pajani, gauni jeupe pee. Nilidhani atasema neno, hata nusu neno.

"Mwache," akasema Mama. "Ndivyo alivyo toka mtoto."

Kitinda akatikisa kichwa, akacheka, akasema nitakufa kwa wivu siku moja, niandikiwe hivyo kaburini.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nina wivu." Na ulikuwa ukweli mtupu. Nikaenda kwenye ua la mwisho, nikatoa vichwa vyake kimoja kimoja, taratibu, bila kulichana.

Nilipomaliza tu, Kitinda akanyoosha mkono, akalikata ua lile lile, akapanda nalo barazani. "Pokea, Mama, kabla hajalimaliza." Mama akalipokea kwa mikono miwili, akazika uso wake wote ndani. Akakaa humo kitambo. Alipouinua ulikuwa safi, na gauni lilikuwa safi, na Kitinda akambusu akaenda kazini, na mimi nikaenda kunawa.